Sikukuu za Mkopo

Jumapili ya tarehe 8 Oktoba 2023, saa mbili asubuhi, niliingia darasani mjini Beijing kufundisha kipindi cha Ijumaa. Sijakosea kuandika. Hata mimi, katibu wa idara aliponitumia ratiba, nilidhani Kichina changu ndicho kibovu. Kumbe zile siku nane tulizopumzika, kuanzia 29 Septemba hadi 6 Oktoba, pale Sikukuu ya Mbalamwezi ilipokutana na Siku ya Taifa, hazikuwa za bure zote. Nyingine zilikuwa za kukopeshwa. Jumamosi tukalipa, Jumapili tukalipa. Wachina huuita mpango huo tiaoxiu: wikendi ya mbele au ya nyuma inakatwa ili likizo irefuke. Sijasikia jambo lolote nchini humo likilalamikiwa na wazee kwa vijana kwa umoja kama hilo. Mimi nikaziita sikukuu za mkopo, na wanafunzi wangu wakalidaka jina hilo upesi kuliko msamiati wowote niliowahi kuwafundisha.

Nilikuwa na vijana 17, kila mmoja na jina la Kiswahili alilojichagulia mwaka wa kwanza. Tulikuwa na Zawadi, na Bahari, na Jumatatu (alizaliwa siku hiyo, na hakushaurika), na Simba wawili. Hakuna aliyejiita Yanga, nami mtu wa Tanga, mfuasi wa Coastal Union, sikuona sababu ya kuingilia. Simba wa Kwanza alikuwa binti mpole mwenye insha safi. Simba wa Pili alikuwa kijana mrefu wa mkoa wa Henan, matamshi yake ungedhani kalelewa Chumbageni, ila ngeli zilimshinda kabisa. Kwake kila kitu kilikuwa na roho. "Mwalimu, kitabu wangu amepotea." "Mwalimu, mvua amekuja." Nilimchorea majedwali, nikamtungia wimbo, nikamnunia. Wapi.

Asubuhi ile ya kulipa deni yeye peke yake ndiye aliyekuwa macho. Wenzake walikuwa wamelaza vichwa mezani. "Shikamoo, mwalimu. Safari alikuwaje?"

Safari. Nilikuwa nimekwenda Badaling kuuona Ukuta Mkuu, tarehe 2 Oktoba. Wenzangu wa idara walinionya, kila mmoja kwa wakati wake, kwa ile sauti ya chini ambayo mtu humwonyea jirani asimwoze bintiye kwa fulani. Sikio la kufa. Kichina kina maneno manne kwa hali niliyoikuta, renshan renhai: mlima wa watu, bahari ya watu. Ukuta wenyewe sikuuona. Nilichokiona ni mgongo wa baba mmoja mwenye koti la kijani, nikaufuata hatua kwa hatua kwa saa mbili kwa kuwa hapakuwa na pa kuupitia. Kila tuliposimama, mtu aliniomba picha. Bibi mmoja hakuomba, alinishika tu mkono akamwita mjukuu wake mwenye simu. Leo hii, kwenye albamu za familia kadhaa zisizonijua, yuko mwanamke wa Kitanga mwenye mtandio wa zambarau anayetabasamu kwa njaa.

Niliporudi niliapa kwamba sikukuu nyingine yoyote itanikuta chumbani.

Kiapo hicho kilikaribia kutimia. Kufikia mwisho wa Januari chuo kilikuwa kimehamwa. Walimu wenzangu wa kigeni walikuwa wamekwenda Thailand kuota jua. Nauli ya kurudi nyumbani majira yale ingemaliza akiba yangu yote. Kwenye bwalo dirisha moja tu lilibaki wazi, na mpishi wake alikuwa ananitazama kwa huruma iliyoanza kunikera. Ndipo Simba wa Pili, aliyekuwa amebaki mjini akifanya kibarua cha kupanga vifurushi, akanipigia simu: "Mwalimu, bibi anauliza unakuja siku gani."

Hakuniuliza kama nakuja.

Safari za watu kurudi makwao wakati wa Mwaka Mpya wa jadi huitwa chunyun, nazo huchukua siku 40. Ukitaka kuielewa chunyun, nenda stendi ya Magufuli pale Mbezi tarehe 22 Desemba uwaangalie Wachaga wanavyogombea basi la Moshi. Kisha uwape Wachaga idadi ya Wachina. Tiketi za treni hufunguliwa siku 15 kabla ya safari, na zile za treni za kasi za kwenda kwao ziliisha tukiwa bado tunaandika majina yangu, ambayo kwenye pasipoti ni marefu kama nasaba ya sharifu. Tukaangukia treni ya kawaida, daraja wanaloliita kiti kigumu, kutoka Beijing hadi Shangqiu. Stesheni, wenye vitambulisho vya Kichina hugusisha kadi na lango linafunguka; sisi wenye pasipoti hupita pembeni kwa dada mmoja anayekutazama usoni, anatazama picha, anakutazama tena usoni.

Ndani ya behewa niliona kitu ambacho sikuwahi kukisoma popote: ndoo za rangi. Zile ndoo kubwa za plastiki za rangi ya ukuta, zenye kifuniko na mkono wa waya. Wajenzi wanaorudi vijijini huweka humo nguo, zana, soksi za watoto, vyote, kisha ndoo hiyohiyo huwa kiti, maana tiketi ya kusimama inauzwa bei sawasawa na ya kukaa. Ujia wote ulikuwa ndoo na watu juu ya ndoo. Harufu ya tambi za kikombe, maganda ya mbegu za alizeti yanayopasuka chini ya viatu, na foleni isiyokatika kwenye bomba la maji ya moto. Benchi letu la watu watatu lilibeba wanne, kwa sababu mama aliyekuwa amesimama karibu nasi alikuwa na magoti mabaya na Simba wa Pili alishaanza kumwita shangazi. Theluji ilikuwa imeanguka Henan siku zile, kwa hiyo treni ilitambaa. Tulifika usiku mkubwa.

Kijiji chao kiko katikati ya tambarare ya ngano. Ardhi imenyooka mpaka inachosha, na chini ya theluji ngano changa ilikuwa tayari ya kijani. Nyumba ya matofali, ua, mbwa, na ndani baridi ileile ya nje, kwa sababu vijijini huko hakuna mabomba ya joto kama ya Beijing. Watu hukaa ndani na makoti. Bibi alitupokea mlangoni. Ni mdogo kwa umbo, ana mikono mikubwa. Aliniangalia kutoka mtandioni hadi viatuni, akasema neno moja kwa mjukuu wake: "Huimin." Mwislamu, kama Wahui. Henan ina Wahui wengi, na kijiji cha pili kutoka chao ni cha kwao, hivyo hakuna aliyelazimika kumweleza kitu. Kesho yake alipanda pikipiki ya magurudumu matatu ya jirani akaenda gulioni. Alirudi na mafuta, chumvi, mayai na sufuria mpya, vyote kutoka duka la Wahui. Sufuria akaitundika kwenye msumari wake peke yake, akawatangazia wote waliomo kwamba atakayeitia nyama ya nguruwe ataonana naye.

Simba wa Pili alilelewa na huyo bibi. Wazazi wake hufanya kazi kiwandani Dongguan, kusini kabisa, na hurudi mara moja kwa mwaka. Mwaka ule walifika usiku wa tarehe 7 Februari. Nilitegemea kukumbatiana, hakuna aliyekumbatia. Mama alimuuliza mwanawe mkubwa kama amekula. Kisha baba akafungua begi akamtolea mtoto mdogo, wa miaka tisa, koti jipya la buluu lenye roketi kifuani. Mtoto akalivaa. Mikono ya koti iliishia juu ya vifundo. Baba alilinunua kwa kukisia, na alikisia mtoto wa mwaka jana. Akawa anaivuta ile mikono chini, polepole, kana kwamba kitambaa kitasikia. Mtoto akasema linamtosha, akaenda kujificha nyuma ya bibi. Alilala nalo.

Mkesha wa mwaka, tarehe 9 Februari, tuliingia jikoni kutengeneza jiaozi. Hapa naomba nijisifu kidogo. Aliyekunja sambusa za futari kwa miaka thelathini hawezi kushindwa na jiaozi. Unga ni uleule wa ngano. Chapati yake ni ndogo, pana kidogo kuliko kiganja cha mtoto, nene katikati na nyembamba pembeni ili mkunjo usiwe mgumu. Unaweka kijiko cha kijazo, unakunja nusu, unabana katikati kwanza, kisha unakwenda kwa vikunjo upande mmoja tu, kidole gumba kikisukuma na cha shahada kikipokea. Cha kwanza changu kilitoka pembetatu. Bibi alicheka mpaka akakaa. Cha kumi kilikuwa sawa na cha mama mtu, na cha ishirini alikiinua akawaonyesha wajomba. Vyao vilikuwa vya nguruwe na kabichi. Vyangu vya mayai na jiucai, majani yenye harufu kati ya kitunguu na kitunguu saumu, vikachemshwa kwenye sufuria yangu. Desturi ni kuficha sarafu ndani ya kimoja. Atakayeing'ata ana bahati mwaka mzima. Watu kumi walikuwa wanagombea sarafu moja kwenye chungu kikubwa. Mimi nilikuwa na sufuria ya peke yangu, na nikang'ata sarafu kwenye kipande cha tatu. Niligeuka kumtazama bibi. Alikuwa anaangalia televisheni kwa makini mno.

Lakini nilichorudi nacho Beijing, na ambacho bado sijamaliza kukitafakari, ni asubuhi ya pili yake. Kabla jua halijatoka, baruti zikiwa bado zinalia kijiji kizima na moshi umetanda kama wa kuchoma kashata, wanaume wa ukoo walianza kupita nyumba kwa nyumba. Waliingia uani kumi, kumi na tano kwa pamoja. Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mkeka. Wakapiga magoti kwenye saruji yenye barafu, wakainamisha vichwa mpaka chini. Wanaume wazima, baadhi wakiwa na mvi. Simba wa Pili naye akapiga magoti, akainama, akanyanyuka akiwa na vumbi kwenye paji la uso. Akanijia.

"Mwalimu, hii ndiyo shikamoo."

Nilikuwa nimewafundisha salamu hiyo juma la kwanza, pamoja na ile habari inayosimuliwa na kila mwalimu, kwamba maana yake ni nashika miguu yako. Nilikuwa nimeifundisha kama jambo la zamani, kitu cha kuandikiwa tanbihi. Sisi wenyewe siku hizi tunairusha dirishani mwa daladala bila kugeuza shingo. Na huyu mtoto wa ngano alikuwa ameielewa tangu siku ile, akawa anaiweka. Kila asubuhi aliyoniamkia darasani, nikamwitikia marahaba huku nikitafuta chaki, yeye alikuwa anamaanisha hiki.

Baadaye bibi alinipa bahasha nyekundu. Nilikataa, akaisukuma, nikairudisha, akaniingizia mfukoni, nikamkamata mkono, na watoto wakakaa kando kutazama mieleka. Nilishindwa. Nikatoa zangu, nilizokuwa nimezinunua Beijing, nikawagawia watoto wote wa ua ule, nikamweleza Simba wa Pili kwamba kwetu nako mtoto haachi mtu apite bila mkono wa Idi. Aliandika neno hilo kiganjani.

Idi yenyewe ilikuja katikati ya wiki, mwezi Aprili, na Beijing haikuwa na habari. Ningxia na Xinjiang Idi ni siku ya mapumziko kisheria. Mji mkuu unafanya kazi kama kawaida. Nikaenda kwa katibu wa idara nikamwambia nataka kukopa siku. Alicheka, akanihamishia vipindi Jumamosi. Nikaenda kuswali Niujie, msikiti ambao historia yake hutajwa kuanzia mwaka 996. Ukiutazama kwa nje, mapaa yamekunjika ncha kama ya hekalu. Ndani, nguzo nyekundu zimeandikwa aya kwa dhahabu. Wanawake tuna ukumbi wetu upande. Baada ya swala mama mmoja wa Kihui alinishindilia mkononi mkate wa kukaanga, umefungwa karatasi, bado wa moto. Wanauita youxiang. Niliuma, nikasimama palepale katikati ya watu. Ulikuwa andazi. Umebapa zaidi, umechanwa katikati mara mbili ili usivimbe, hauna hiliki, lakini ni andazi, lenye ule utamu wa mbali wa unga uliolala usiku kucha. Beijing ilikuwa saa nne asubuhi. Tanga saa kumi na moja alfajiri. Nilimpigia mama, nikamkuta tayari yuko jikoni. Hakuniuliza naendeleaje. Aliuliza ninatafuna nini.

Safari ya mwisho ilikuwa ya mapumziko ya Mei Mosi, na hii niliitaka mwenyewe. Toka utotoni, shule ikitupeleka magofu ya Tongoni, nilikuwa nikiingiza kidole kwenye vishimo vya mviringo vilivyomo kwenye nguzo za makaburi. Mlinzi alituambia humo zilikaa bakuli za Kichina, watu wakazing'oa. Kwa hiyo nilipanda treni ya kasi kutwa nzima kutoka Beijing kwenda Quanzhou, mkoa wa Fujian, bandari ambayo Ibn Battuta, yuleyule aliyepita Kilwa mwaka 1331, aliiita Zaytun. Vyumba vilikuwa adimu. Hoteli mbili ndogo zilinikataa mlangoni kwa kuwa wahudumu hawakujua namna ya kusajili pasipoti, wakaniomba radhi kwa uchungu wa kweli na bado wakanikataa.

Mji huo kwa mtu wa pwani ni mtihani. Msikiti wa Qingjing una lango la mawe la mwaka 1310, na msikiti wenyewe ulianza 1009. Ukumbi wake wa kale hauna paa tena, ukisimama humo unaangaliwa na mawingu. Kwenye makaburi ya Kiislamu ya kilima cha Lingshan kuna jiwe la mwaka 1417 linaloeleza kuwa Zheng He, jemadari wa majahazi ya enzi ya Ming, alipita hapo kufukiza ubani kabla ya safari ya kwenda Hormuz. Zheng He mwenyewe alizaliwa katika familia ya Kiislamu ya Yunnan, na majahazi ya safari hiyo yalifika hadi pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kwenye makumbusho ya bahari nilisimama mbele ya kabati la bakuli, nikajikuta nimekunja kidole cha shahada nikipima ukingo wake kwa macho. Ungeenea.

Ila kilichonimaliza kiko nje ya mji, kijiji cha wavuvi kinachoitwa Xunpu. Kuta za nyumba zao kongwe zimejengwa kwa makombe ya chaza, makubwa kuliko ya bahari yao. Wenyeji husimulia kwamba yalikuja kama farumi ya majahazi: vyombo vilikwenda na shehena nzito ya vyungu na bakuli, vikashusha bandari za mbali, vikarudi vyepesi, basi manahodha wakajaza makombe tumboni ili visipinduke. Niliwauliza bandari gani. Wakanionyesha bahari. Na wanawake wa Xunpu huzungushia fundo la nywele mataji ya maua, asumini ikiwemo, na picha zao zimesambaa mitandaoni kiasi kwamba siku ile kulikuwa na foleni ya wasichana kutoka China nzima. Niliingia foleni. Bibi aliyefunga maua aliutazama mtandio wangu, akafikiri, akayafunga juu yake kwa pini sita. Nilipogeuza shingo harufu ikanipiga. Kikuba. Harufu ya shangazi zangu wakienda harusini, saa moja usiku, barabara ya kumi.

Nilirudi Beijing tarehe 5 Mei. Deni la safari hiyo lilikuwa la Jumamosi, tarehe 11. Niliwakuta kama nilivyowakuta Oktoba, vichwa mezani, Jumatatu akikoroma waziwazi. Mtu akasema kutoka nyuma, kwa Kiswahili safi, "Mkopo ni mbaya." Nikafungua daftari la mahudhurio.

Simba wa Pili alisimama. "Shikamoo, mwalimu."

Niliweka kalamu chini kwanza. "Marahaba, mwanangu. Bibi hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimia. Anasema sufuria wako yuko. Amemfunga kwenye mfuko, hajampikia mtu mwingine."

Sikumsahihisha.